Wamenitoa kwenye sinia

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Makorora hapa hapa Tanga. Kila asubuhi napika vitumbua na chai ya tangawizi kibarazani kwangu, na wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda na mafundi wanaowahi kazini. Mume wangu ni mvuvi. Nina mimba ya miezi minne.

Miezi minane iliyopita mdogo wangu alifanyiwa upasuaji, tukaambiwa ndugu tuchangie damu. Nilikwenda bila wasiwasi wowote, sikuwa naumwa hata kichwa. Siku chache baadaye nikapigiwa simu nirudi. Niliyemkuta dirishani akaniambia mbele ya foleni ya watu, "Damu yako ina homa ya ini, usichangie tena." Nikamuuliza dawa yake. Akasema, "Haina dawa. Angalia tu usiambukize wenzako." Basi, akaita mtu mwingine. Nilitoka pale nikapanda daladala ambayo hata haiendi kwetu, nikashtukia nimefika Pongwe.

Usiku ule ule nikamweleza mume wangu, kwa sababu sijui kumficha kitu. Alinyamaza sana, kisha akaniuliza, "Umeitoa wapi?" Wallahi Shangazi, tangu anioe sijamjua mwanamume mwingine. Sikuwa na jibu, na yeye hakuuliza tena. Tukaendelea kuishi nikadhani yamepita. Mimba ilipoingia nikawa natapika sana, mama mkwe akaanza kudadisi, ndipo mume wangu akamwambia mama yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama mkwe akasema hiyo ni homa ya manjano, itatumaliza sote. Nikatengewa kikombe, nikatengewa taulo. Mume wangu sasa akitoka baharini analala sebuleni. Talaka hajaitamka, ila naona anaimeza kila siku.

Idi iliyopita tulikusanyika kama kawaida yetu. Sinia la pilau likawekwa chini, wanawake tukalizunguka. Kabla sijanyoosha mkono, wifi yangu akaniletea sahani ya bati, akaiweka pembeni karibu na mlango, akaniambia, "Wewe chakula chako hiki." Mwanangu mdogo akanyanyuka aje kukaa na mimi, akavutwa mkono akarudishwa. Chakula kile nilikimeza na machozi.

Maneno hayakuishia ndani. Nilikuwa naroweka kilo nne za mchele kila usiku, sasa hivi naroweka moja na vitumbua vinabaki. Shangazi yangu upande wa baba akanichukua mpaka Pangani kwa mganga wa dawa za miti. Tulikuwa wagonjwa watatu siku ile, tukachanjwa chale, mimi nikiwa wa mwisho, nikapewa na chupa mbili za dawa chungu. Bado nazinywa.

Kinachoninyima usingizi ni mama yangu mzazi. Alifariki mwaka 2009. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa manjano, mikono ikakonda ikabaki mifupa. Ilisemwa karogwa na jirani kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, na mpaka leo sisi na nyumba ile hatusalimiani. Naona na mimi naelekea njia ile ile.

Nifanye nini? Niache kupika? Mume wangu nimwambie nini? Na huyu mtoto aliye tumboni atazaliwa nayo?

Mama Vitumbua, Makorora

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye ile sahani ya bati karibu na mlango. Imenikata maini. Kwa kuwa umeniamini, nami nitakwambia jambo ambalo sijapata kuliandika hapa: homa ya ini B na mimi ninayo. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka 31, na mwaka 2004 nilipimwa nikakutwa nayo. Nilijua vizuri kwamba ugonjwa huu haupiti kwenye chakula, nilikuwa nawafundisha wengine. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikajitengea kikombe mwenyewe, na wajukuu wakija nikawa nasema nimeshakula. Ilinichukua karibu miaka miwili kurudi kwenye sinia. Kwa hiyo najua ulivyojisikia. Najua pia kwamba mama mkwe wako hakufanya vile kwa chuki tupu, ni hofu ya mtu asiyeelezwa. Lakini nakwambia kwa uhakika: mahali pako ni kwenye sinia, rudi ukae.

Jina lenyewe ndilo linalotuchanganya. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaenezwa na mbu. Homa ya ini nayo ina virusi vya aina tano, A mpaka E. A na E ndivyo vinavyopita mdomoni, kwa maji machafu na chakula kilichoshikwa na mikono isiyonawa, na nadhani hofu ya sahani ilianzia huko. Wanaopima damu ya kuchangia wanatafuta B na C, na hizo zinapita kwenye damu. B inapita pia kwenye tendo la ndoa, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Haipiti kwenye pilau, kikombe, kukumbatiana, kukohoa, wala choo. Barua yako haisemi ni B au C. Huku kwetu B ndiyo tunayokutana nayo zaidi, kwa hiyo nitakujibu kwa hiyo, ila swali lako la kwanza hospitali liwe hilo. Kama ni C, siku hizi inatibika ikaisha kabisa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, ingawa kwako daktari atasubiri mpaka ujifungue.

Sasa itazame nyumba yenu. Wamekutengea sahani, kikombe na taulo, na hakuna aliyeuliza wembe. Mnakatia kucha nini? Watoto wananyolewa kwa kifaa gani? Miswaki inakaa wapi, na kila mtu anaujua wake? Virusi hivi vinaweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi, na tone lisiloonekana kwa macho linatosha. Hicho ndicho cha kutenga: wembe, mkasi wa kucha, mswaki, pini, kila kitu kinachoweza kugusa damu. Ukijikata, funga kidonda, na damu iliyomwagika ifutwe kwa maji ya jiki. Na wale wawili mliochanjwa nao kule Pangani, mwanangu, nimewafikiria sana. Kama wembe ulikuwa mmoja, wewe wa mwisho huenda umepokea yao, na atakayekuja baada yako huenda akapokea yako. Mwambie shangazi yako maneno haya haya, na chale zisirudiwe.

Kupika usiache. Hata kesho roweka mchele. Kidole kikiwa na kidonda kifunge plasta, kama anavyopaswa mpishi yeyote. Wateja huna deni la kuwatangazia ugonjwa wako, kwa sababu hakuna wanachoweza kupata kutoka kwenye kitumbua chako isipokuwa shibe.

Nije kwenye "umeitoa wapi", maana hilo ndilo linalovunja nyumba, na wanaume wengi wanalijibu kabla hawajapimwa. Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, mwili wake kwa kawaida unaishinda wenyewe. Chini ya watu wazima 5 kwa kila 100 ndio hubaki nayo. Mtoto mchanga ni kinyume chake: kwa kila 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 hubaki nayo maishani, wakikua vizuri, wakicheza, wakiolewa, bila dalili yoyote. Wewe ulizaliwa miaka mingi kabla ya mwaka 2002, ambao ndio nchi yetu ilianza kuwapa watoto chanjo hii kliniki. Na mama yako alikufa na tumbo la maji na macho ya manjano. Siwezi kumpima marehemu, na sitaapa. Lakini ukiniuliza mimi mkunga, ninachokiona hapo ni mtoto aliyepokea kwa mama yake siku ya kuzaliwa, naye mama hakujua. Kukutwa nayo hakuthibitishi kwamba mtu alitoka nje ya ndoa.

Mume wako mwambie hivyo, kisha mwombe apimwe. Usiseme kwa kumshinda. Inawezekana kabisa naye anayo tangu utotoni, wavulana wengi walipita jandoni kwa kisu kimoja. Kama hana, na hana kinga, achanjwe. Ni sindano tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Mpaka amalize, tumieni kondomu. Akishapata kinga, sioni sababu ya sebule. Mume wangu mimi alichanjwa, na mpaka leo tunalala kitanda kimoja, na kila akipimwa yuko salama.

Watoto wako wawili wapimwe pia, hata kama kadi zao zina chanjo zote. Hapa wazazi wengi wanakosea. Chanjo yenye kinga ya homa ya ini hutolewa kliniki mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na inafanya kazi nzuri sana. Lakini aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa, wiki ya sita inamkuta ameshachelewa.

Ndiyo maana mtoto huyu wa tumboni ndiye anayenifanya nikuandikie kwa haraka, kwa sababu yeye bado tunamuwahi. Wiki hii hii nenda kliniki ya wajawazito, pale hospitali ya Bombo au popote unapohudhuria, useme kwa kinywa chako: "Nilipimwa damu nikakutwa na homa ya ini." Usingoje waulize. Sisi wakunga tuna msemo mnaoujua wote, mficha uchi hazai. Watarudia kipimo, na kwa kuwa miezi sita imeshapita, kikionyesha bado ipo basi ni sugu. Omba kipimo cha utendaji wa ini, altrasaundi ya ini, na kipimo cha wingi wa virusi. Hicho cha mwisho kisipokuwepo siku hiyo, usiondoke bila kujua kinapatikana wapi na lini. Virusi vikizidi 200,000 kwa kipimo kile, unapewa dawa iitwayo tenofovir wakati wa mimba ili vipungue kabla hujajifungua. Na mtoto anapaswa kuchanjwa ndani ya saa 24 za kwanza. Sindano hiyo ya siku ya kuzaliwa anza kuiulizia sasa ukiwa na miezi minne. Muulize mkunga ipo au haipo, na kama haipo itafutwe wapi, uandikiwe kwenye kadi. Siku ya uchungu hakuna mtu atakayekimbia mjini kutafuta chanjo. Jifungulie hospitali. Kunyonyesha, nyonyesha bila hofu. Akishamaliza chanjo za wiki 6, 10 na 14, karibu na mwaka mmoja apimwe, tujue tumeshinda.

Yule wa dirishani aliposema "haina dawa" alikupa nusu ya habari na kukuibia nusu nzuri. Dawa ya kuviondoa virusi vyote mwilini ndiyo haijapatikana. Dawa ya kuvilaza visile ini ipo, ndiyo hiyo tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, mimi nameza kila usiku baada ya isha. Si kila mwenye homa ya ini B anahitaji kuinywa. Daktari akikwambia ini lako liko sawa, rudi baada ya miezi sita, usidhani umetelekezwa. Huko kurudi ndiko matibabu yenyewe, hasa kwako wewe ambaye mama yako alikufa vile, maana saratani ya ini ikiwahiwa kwenye altrasaundi bado ina la kufanywa. Ukianzishwa dawa usiiache mwenyewe hata ukijisikia mzima, virusi huamka kwa kishindo. Jambo moja nikuonye mapema: tenofovir ni moja ya dawa wanazotumia pia wenye virusi vya UKIMWI, na ndiyo sababu utapimwa na hiyo kabla ya kuanza. Wifi yako akiona kopo atasema mengi. Mume wako ajue mapema, asilisikie kwake.

Zile chupa mbili zimwage leo. Ini ndilo linalochuja kila tunachomeza, na miti mingine inalichoma kuliko virusi, tena una mimba. Panadol usizidishe. Pombe, hata mnazi wa kuonja, hapana. Na unga na karanga zikishaota ukungu usizioneshe huruma, joto letu hili la pwani halichelewi kuzioza. Ule ukungu hutoa sumukuvu, sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kwa mwenye homa ya ini B inaongeza mara nyingi hatari ya saratani.

Sasa mama mkwe. Ukimwambia "nimesoma kwamba hamuambukizwi", ataona umemjibu kwa utovu wa adabu. Mwombe akusindikize kliniki. Mwambie, "Mama, naogopa kwenda peke yangu." Mama wa pwani akiombwa hivyo havai viatu mara mbili. Akifika pale, mwombe mkunga amweleze yeye, amweke kiti, amwite mama, na akipenda naye apimwe. Nimeona mama wakwe wakitoka chumba kile wakiwa walinzi wakali kuliko sisi wauguzi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 254 wanaoishi na homa ya ini B, na kati ya kila 100 ni 13 tu waliokuwa wanajua. Wewe umo katika hao 13 kwa sababu ulikwenda kumpa mdogo wako damu. Hilo mkumbushe mume wako.

Limebaki la mama yako. Nyie mliotoka tumboni mwake, wote, mpimwe, na huyo mdogo wako aliyefanyiwa upasuaji aanze. Waambie ni mimi nimesema. Na majibu yao yakitoka kama ninavyoyahofia, wawili au watatu wakikutwa nayo kama wewe, basi kaeni pamoja mzungumze habari ya yule jirani wa kiwanjani. Miaka yote hii yeye na watoto wake wamepita mlangoni kwenu bila salamu, kwa kifo ambacho huenda mkono wake haukukigusa. Sikuambii uende leo. Leo una safari ya kliniki. Lakini siku hiyo ikifika na ukikosa la kuanzia, niandikie, nitakuja Makorora tuende wote.

Shangazi yako